Bwana Mifugo na Karatasi ya Ukoo

Bwana Mifugo alistaafu kabla yangu, lakini cheo chake hakikustaafu naye. Miaka yote tuliyokaa jirani hapa pembezoni mwa mji wa Bariadi sikusikia mtu akimwita kwa jina lake, si padri, si wajukuu. Mkewe alimwita Bwana Mifugo hata walipogombana. "Bwana Mifugo, nimekwambia ufunge banda la bata," alisema, kana kwamba anamwandikia barua ya onyo. Mimi jina lake nililisoma kwa mara ya kwanza msalabani, siku tuliyomzika, nikasimama kidogo kuhakikisha kwamba tumekuja kwenye kaburi lenyewe.

Alizaliwa wapi, sijui. Nilimwuliza mara moja, akajibu, "Kazini." Sikuuliza tena. Kisukuma alikisema kama sisi sote, ila maneno ya ng'ombe alikuwa nayo mengi kuliko sisi.

Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini, kwanza kwa baiskeli, baadaye kwa pikipiki, akisimamia majosho na chanjo kuanzia Zagayu hadi Lingeka kule Meatu. Kwa sura za watu alikuwa na kumbukumbu mbovu kabisa. Kijana akimsalimu njiani, "Mwadila, guku," yaani habari za mchana, babu, alimtazama kama anayetazama ukuta.

"Mhola. Wewe wa wapi?"

"Wa kwa Shija, Mwamapalala."

"Shija yupi?"

"Wa karibu na lambo, guku."

"Ana ng'ombe gani?"

Kijana akisema baba yake ana jike jeusi lenye paji jeupe, uso wa mzee ulifunguka. "Aa! Wewe mjukuu wa Ngolo! Bibi yako aliolewa kwa ng'ombe wa rangi hiyo hiyo, na dume lao lilinipiga pembe hapa." Kisha alipandisha kaptula kuonyesha kovu la paja. Alilionyesha popote, kwa yeyote. Siku moja aliwaonyesha masista wawili waliokuwa wakipita kwenda dispensari. Wakampa pole.

Akienda msibani alipita kwanza zizini. Watu walizoea. Walimwona anazunguka ng'ombe, anainamisha kichwa kutazama masikio, ndipo anakuja kukaa na wafiwa. Alisema kwamba mtu aliyefiwa anaweza asijue ni nani wanaomhusu, lakini ukitazama zizi lake utawajua: huyu jike alitoka kwa wajomba, yule dume alikuja na binti alipoolewa, wale watatu ni wa rafiki yake amemwekea tu awatunze. "Watu wana sababu ya kusema uongo," alikuwa akisema. "Ng'ombe anadanganya ili apate nini?"

Lakini yeye mwenyewe hakufuga ng'ombe hata mmoja. Alifuga bata. Maziwa hakunywa, alikunywa chai ya rangi, na ukimwuliza kwa nini alijibu kwamba ameona mengi. Na huyu mtu aliyeweza kukuhesabia koo za tarafa nzima alisahau majina ya shemeji zake, akawaita wote "Shemeji Mkubwa", hata yule mdogo kuliko wote.

Jambo jingine, hakuandika. Mimi nilikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali, na faili lake lilipita mikononi mwangu. Lilikuwa jembamba. Taarifa za mwezi zilichelewa, au zilikuja zikiwa na mstari mmoja: Ng'ombe wazima. Kwa hiyo nilimdharau tangu siku hizo, kimyakimya, kama makarani wanavyodharau. Niliamini kwamba jambo lisilokuwa na faili halijatokea. Naandika haya ili ijulikane kwamba kosa nitakalolisema halikunijia kwa bahati mbaya. Nililiandaa kwa miaka thelathini.

Nilipostaafu sikuwa na la kufanya, nikawa naenda kukaa barazani kwake alasiri. Siku moja, bila kutazama upande wangu, akiwarushia bata pumba, alisema, "Ninyi ni watu wa Zagayu kwa sababu ng'ombe alichoka."

Nikamwuliza ana maana gani.

Akanieleza kwamba babu yangu, mzee Maduhu, alikuwa akihama na mifugo yake wakati wa ukame, hakukusudia kukaa Zagayu hata kidogo. Alikusudia kufika mbali. Pale Zagayu jike lenye mimba kubwa likalala chini likakataa kuinuka. Babu akamsubiri. Bibi akamtukana babu, na ng'ombe pia. Siku ya tatu jike likazaa, na ndama akawa dhaifu. Babu akasema tutaondoka ndama akipata nguvu. Ili asikae bure akalima kipande akapanda mtama. Mtama ukaota. "Sasa mtu ataondokaje ameacha mtama?" alisema Bwana Mifugo. "Akasubiri avune. Ndiyo hivyo, ninyi hapo."

Baba yangu alikuwa katekista, mtu wa maneno machache, na kuhusu asili yetu alituambia tu, "Sisi ni wa hapa." Nilikuwa na zaidi ya miaka sitini, na hii ilikuwa mara ya kwanza kusikia kwamba tulifika hapa kwa sababu ya uchovu wa mnyama.

"Haya umeyapata wapi?"

"Joshoni. Wazee walipanga foleni na ng'ombe wao. Foleni ndefu. Watafanya nini kama hawasemi?"

Alasiri iliyofuata aliniambia kwamba baba yangu, huyo huyo katekista, ujanani alicheza ngoma za mashindano baada ya mavuno, akivaa njuga miguuni, na mwaka mmoja kundi lake liliposhindwa alilia mbele ya watu, akabembelezwa na mama zake wadogo. Nilirudi nyumbani nikacheka peke yangu. Nilikaa na baba yangu miaka mingi, na mtu huyo mwenye njuga sikuwahi kukutana naye.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kutafuta ukoo. Mtu mwingine angeendelea kukaa barazani na kusikiliza. Mimi nilikwenda mjini nikanunua kauntabuku.

Nilifanya kazi hiyo kwa bidii ambayo ofisini hawakuwahi kuiona. Nilikwenda Zagayu, nikaenda Mwamapalala, nikaenda parokiani kusoma daftari la ubatizo. Nilimhoji shangazi yangu, sengi kama tunavyoita kwetu, dada wa baba pekee aliyekuwa bado hai, macho yamekwisha lakini ulimi mzima. Niliandaa maswali kumi na mawili. Alijibu lile la tatu tu, siku nzima.

Niliuliza Maduhu alikuwa na watoto gani wa kiume. Akanitajia Nkwabi, ndiye baba yangu, na wengine wawili waliokufa wadogo. Kisha akasema, "Na Jilala."

"Jilala ndiye nani?"

"Ng'wana Maduhu. Alimwita baba yangu baba, na baba alimwita ng'wana wane. Alikuwa mkarimu huyo. Baadaye akarudi Lingeka na watu wake."

Ng'wana ni mtoto, ng'wana wane ni mwanangu. Kila Msukuma anajua. Nikaandika: Jilala, mtoto wa Maduhu.

Kazi ilipokamilika niliichora upya kwenye karatasi ya manila, kwa rula na kalamu ya wino mweusi, Maduhu juu, sisi chini yake kama mizizi ya muhogo. Nikaibandika sebuleni. Tena nikatengenezesha muhuri mjini: UKOO WA MADUHU, KATIBU. Hakuna aliyenichagua. Nikaugonga kwenye kona ya chini, kulia.

Bwana Mifugo alikuja kuiona. Alisimama mbele ya karatasi kwa muda mrefu, mikono nyuma, kama anayekagua zizi. Akaweka kidole kwenye jina la Jilala.

"Na masikio?" akauliza.

"Masikio gani?"

"Ya ng'ombe wao."

"Bwana Mifugo," nikamwambia, "hii ni karatasi ya watu."

"Naona," akasema. Akanywa chai yake akaenda kwa bata wake. Kisa hicho nilikisimulia kwenye kikao cha ukoo, watu wakacheka mpaka wakajifuta machozi. Na mimi nilicheka.

Sasa niseme habari za Minza.

Minza ni binti yangu wa mwisho, muuguzi. Mwaka uliofuata alitaka kuolewa na Sayi, mwalimu wa hesabu kule Meatu, kijana mtaratibu ambaye alinisalimu kwa kuinama hata kwenye simu, mama yake Minza akasema anamwona kabisa anavyoinama. Washenga wakaja, wanaume wawili wa makamo. Tukawakaribisha, kuku akachinjwa. Wakajitambulisha kwa utaratibu: kijana ni mtoto wa fulani, na babu yake ni Jilala wa Lingeka.

"Jilala yupi?" nikauliza.

"Yule aliyewahi kukaa Zagayu zamani, mzee. Wengine walimwita Ng'wana Maduhu."

Niliinuka. Nilibandua manila ukutani nikaitandika juu ya meza, juu ya vikombe. Kwa rula nikawaonyesha: Maduhu hapa. Nkwabi huyu, Jilala huyu. Minza kitukuu wa Maduhu, Sayi kitukuu wa Maduhu. Damu moja. Hawa ni kaka na dada.

Mshenga mkubwa alitazama karatasi, akatazama muhuri. "Mzee," akasema kwa upole, "sisi kwetu tunajua baba yake Jilala ni Ngasa wa Lingeka."

Nilikuwa na jibu. Watu wetu wa zamani walikuwa na majina matatu, manne, kila mtu anajua hilo. Nikachukua kalamu, mbele yao, nikaandika pembeni ya jina la babu yangu: kwa jina jingine Ngasa.

"Hilo hatujawahi kulisikia," akasema mshenga.

"Ndiyo maana watu huandika," nikamjibu.

Wakaondoka bila kula. Kuku yule tulimla sisi. Minza hakula.

"Baba, umemwuliza nani?" akaniuliza.

"Sengi mwenyewe."

"Mwulize na mwingine."

"Mwingine nani? Bwana Mifugo?"

Nilicheka. Yeye alinitazama kwa namna ambayo ningeitambua kama ningekuwa namtazama mtu na si karatasi. Mwezi huohuo akaomba uhamisho, akaenda Kahama. Alinipigia Krismasi na Pasaka. Tuliongea habari za mvua. Sayi akaoa mwanamke mwingine, nikasikia kwa watu, nikasema afadhali. Sengi akafariki, na mama yake Minza akamfuata, na kwenye msiba ule binti yangu alilala siku tatu nyumbani kwangu akipika na kufagia, akaniita baba mara zilizohitajika tu. Miaka saba ikapita hivyo.

Bwana Mifugo hakuwahi kunitajia habari ile. Tuliendelea kukaa barazani. Miguu yake ilianza kuvimba, macho yakaingia ukungu, bata wakapungua. Siku moja asubuhi akaniambia, "Nipeleke mnadani."

"Kununua nini?"

"Kutazama."

"Macho yenyewe hayaoni."

"Nitatazama kwa mikono. Ita bajaji."

Mnadani nilimshika kiwiko. Wachuuzi walimjua, wakampisha. "Karibu mzee, huyu usimshike paja, ana hasira kama mwenye naye!" alipiga kelele mmoja, na mwenye naye akarusha matusi ya kirafiki. Bwana Mifugo alikwenda kutoka ng'ombe hadi ng'ombe, akipapasa masikio kwa vidole viwili, akisema jina la kijiji kila mara. Alipatia karibu wote. Alionekana mwenye raha kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani.

Kwa mtamba mmoja mwekundu alisimama. Akalipapasa sikio la kushoto, akarudia.

"Huyu wa Lingeka," akamwambia mwenye mtamba.

"Ndiyo, mzee."

"Wa kwa watu wa Jilala."

"Eeh! Umejuaje?"

Akauvuta mkono wangu akauweka pale. Ncha ya sikio ilikuwa imepasuliwa katikati, mbili, kama ulimi wa nyoka, na kovu lilikuwa gumu.

"Alama ya Ngasa," akasema.

Ukarani ulikuwa bado hai. "Ngasa ni Maduhu," nikasema. "Jina jingine."

"Babu yako alitoboa tundu, sikio la kulia. Hakupasua ng'ombe hata mmoja maisha yake. Baba yako alitoboa tundu. Baba zako wadogo wangetoboa tundu kama wangekua. Mtoto hukata masikio kama alivyokata baba yake, ndiyo sheria. Jilala alikuja Zagayu mtu mzima, mwaka wa njaa ya Meatu, na ng'ombe wake wamekwisha pasuliwa. Babu yako akampokea, akampa mahali pa kukaa. Ukipokelewa ugenini utamwitaje mwenyeji wako? Utamwita baba. Naye atakuita mwanangu. Miaka yote zizi lilikuwa moja na masikio mawili. Joshoni nilikuwa nawatenganisha mwenyewe."

Mwenye mtamba alitusikiliza, akatingisha kichwa kukubali. "Kwetu tunapasua tangu kwa Ngasa," akaniambia, kama mtu anayetaja jambo ambalo mtoto analijua.

"Lakini sengi alisema ng'wana Maduhu," nikasema.

"Hata mimi sengi wako aliniita ng'wana wane. Niweke na mimi kwenye karatasi."

Tulikaa kwenye benchi la mama mmoja wa chai. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Alipuliza chai yake.

"Nilikuuliza masikio."

"Ungerudia."

"Ulikuwa na muhuri."

Nilitaka kukasirika, nikakosa wa kumkasirikia. Sengi alinijibu nilichouliza. Washenga walinitajia jina la baba yake Jilala, nikalimeza jina lile ndani ya jina la babu yangu ili karatasi isichafuke. Binti yangu aliniomba niulize mtu mmoja zaidi, na mtu huyo alikuwa anaishi nyumba ya pili. Nikatoa simu nikampigia Minza palepale, kabla sijapata muda wa kutunga.

"Shikamoo baba. Kuna nini?" Haikuwa Krismasi.

"Marahaba. Hakuna mgonjwa. Minza, Jilala hakuwa mtoto wa Maduhu. Alikuwa mgeni wake. Hamkuwa ndugu."

Nilisikia wodi nyuma yake, sufuria, mtu anakohoa.

"Nani amekwambia?"

"Bwana Mifugo. Nimeshika sikio mwenyewe."

"Sayi ameshaoa, baba."

"Najua."

"Ana watoto wawili."

"Najua. Nimekosa mimi. Si sengi, si ukoo. Mimi."

Kisha akasema, "Mpe Bwana Mifugo simu."

Nikampa. Aliishika mbali na sikio kama kipimajoto, akaanza kupaza sauti kwa Kisukuma, na wachuuzi wakageuka. Alimweleza tundu na mpasuko. Akamweleza njaa ya Meatu. Akafika kwa jike lililolala chini Zagayu, na hapo nikasikia sauti ya binti yangu ikiuliza kitu, ikauliza tena, na mzee akacheka hadi chai ikamwagika. Akafunika simu kwa kiganja, upande usio na kinasa sauti. "Anaandika," akaninong'oneza. Alipomaliza kisa cha njuga za baba yangu, chai yangu ilikuwa imepoa na ngozi juu.

Akanirudishia simu. Ilikuwa imekwisha katwa.

"Anakuja pamba ikishavunwa," akasema. "Anataka nimpeleke Lingeka na Zagayu, aandike koo zote mbili kwa masikio ya ng'ombe wao."

"Vizuri. Nitamwandalia chumba chake."

"Atafikia kwangu."

Nikatazama ng'ombe. Walikuwa wengi siku ile.

"Una godoro la ziada?" nikamwuliza.

"Sina."

Tuliporudi nilikunja godoro langu, lile nililokuwa nalalia, kwa kuwa la chumba cha Minza lilikuwa limeliwa na panya na sikuwa nimewahi kuingia humo kuliangalia. Nikalifunga kwa kamba, nikalibeba kichwani, nikapita nalo mbele za watu hadi kwa jirani. Mkewe alilipokea mlangoni. Alilipiga vumbi mara mbili, akalinusa, akalisimamisha ukutani.

"Na mto?" akaniuliza.

Nikarudi kuuchukua.